Kunde, madini ya chuma na saa ya ndani ya mmea: shajara ya mradi, Tanga

11 Januari 2025. Swali na sababu yake

Bustani nyingi za pwani ya Tanga, kuanzia Sahare hadi Tongoni, zimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi na pH yake, yaani kipimo cha asidi, hupita 7. Humo madini ya chuma hayakosekani, ila hayayeyuki: kila pH inapopanda kwa namba moja, chuma kinachoyeyuka hupungua takribani mara elfu. Mmea unapata upungufu ilhali mizizi yake imezungukwa na kile kile unachokikosa. Majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenye bustani anadhani ni njaa ya mbolea. Bibi mmoja anayelima mchicha na kunde Mwambani alituambia, "Mwanangu, nimetia urea mara mbili, na kadiri ninavyotia ndivyo yanavyozidi kuwa meupe."

Klabu yetu ya sayansi ilianza na manjano hayo, lakini tulipokaa kusoma tukakuta jambo kubwa zaidi. Mwaka 2013 makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalionyesha kwamba Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, ukikosa chuma, saa yake ya ndani huenda polepole: mzunguko unaopaswa kuchukua kama saa 24 unarefuka. Mwaka 2010 watafiti wa Valencia, Hispania, walikuwa wameonyesha kwamba shaba ikiingia kupita kiasi hudhoofisha kazi ya CCA1 na LHY, jeni mbili zilizo katikati ya saa hiyo. Na mwaka 2016 watafiti wa Edinburgh na Cambridge wakaonyesha kwamba magnesi ndani ya seli hupanda na kushuka kila siku, kuanzia kwenye mwani mdogo uitwao Ostreococcus hadi kwenye seli za binadamu, na kwamba kupanda na kushuka huko kunashiriki kuendesha saa yenyewe.

Tunataka kuliona hili kwa kunde, hapa Tanga, bila maabara ya jeni. Kunde zinafaa kwa sababu majani yake hulala. Mchana yamekaa bapa, usiku yanainama. Kazi hiyo inafanywa na fundo dogo lililo pale jani linapoungana na kikonyo. Potasiamu ikihama kutoka upande mmoja wa fundo kwenda mwingine, maji huifuata, upande mmoja ukavimba na mwingine ukalegea. Wazee wa kale waliona haya kabla yetu: Androsthenes, nahodha wa Aleksanda Mkuu, aliandika habari za majani ya mkwaju yanayojikunja usiku, alipokuwa kisiwa cha Tylos, ambacho leo ni Bahrain. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa jamii ya kifauwongo gizani, na majani yakaendelea kufunguka na kufunga bila kuliona jua. Miaka ya 1930 Erwin Bünning alitumia maharage kuonyesha kwamba urefu wa mzunguko huo hurithiwa kutoka kwa mzazi.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kuiga kazi hii. Mmea ukiwa nje, jua linairekebisha saa yake kila asubuhi, hivyo saa inayochelewa na isiyochelewa zinaonekana sawa. Ili uone urefu halisi wa mzunguko, ondoa kila kinachobadilika kwa siku: mwanga uwe ule ule mchana na usiku, na joto pia. Mpango wote wa kasha tulilolijenga umetoka hapo.

25 Januari. Kasha, taa na simu

Hatua hii haikuwa na shida. Kasha jeupe jepesi la kubebea samaki na barafu tulilipata Sahare kwa shilingi 15,000, likaoshwa kwa sabuni na kuanikwa hadi harufu ikaisha. Ndani yake taa za LED za mkanda, mita mbili, nyeupe, zikiwa zimefifishwa ili mwanga uwe hafifu lakini usikatike. Mimea imesimama kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo, ikishikiliwa na sponji ya godoro. Chupa zote zimefungwa karatasi ya foili ili mwani usiote ndani. Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki inapeleka mapovu kwenye chupa nane kupitia mipira myembamba.

Picha zinapigwa na simu ya zamani kila baada ya dakika ishirini, bila mwanga wa simu. Umeme ukikatika, taa na pampu vinahamia kwenye betri ya pikipiki. Fundi wa redio wa Ngamiani aliyetufungia waya alisisitiza: "Mwalimu, betri hii msiiache ikaisha kabisa, mtainunua tena mwezi ujao." Akatuwekea kifaa kinachoikata kabla haijafika huko.

Gharama hadi hapa: kasha 15,000, taa 14,000, pampu 25,000, betri na waya 58,000, mipira na sponji 9,000.

8 Februari. Joto liliiendesha saa badala yetu

Jaribio la kwanza lilitumia maharage ya Lushoto, kwa kuwa maandiko mengi ya zamani ni ya maharage. Kaskazi ilikuwa imepamba moto, stoo yetu ina bati juu, na mimea ya mlimani haikuistahimili. Majani yalilegea tu. Tukahamia kunde za kawaida za sokoni Mgandini, na tangu hapo hatujatazama nyuma.

Kunde zikacheza vizuri mno. Mwanga haukuzimwa kwa siku tano, na majani yaliinama na kuinuka kila siku kwa wakati ule ule, kana kwamba yanasikia adhana. Wanafunzi walifurahi. Mimi niliingiwa na shaka, kwa sababu saa ya mmea ikiachwa yenyewe huwa haikai saa 24 kamili. Huteleza kidogo kila siku, mbele au nyuma. Kitu kilikuwa kinaiambia wakati.

Tuliweka kipimajoto cha friji ndani ya kasha, tukaandika namba kila saa moja. Saa tisa alasiri ndani kulikuwa na nyuzi 33, na alfajiri nyuzi 27. Kasha la samaki linahifadhi ubaridi kukiwa na barafu. Bila barafu, lenye mashimo ya mipira na taa inayotoa joto, linafuata hali ya chumba. Saa ya mmea ina sifa ya ajabu: kasi yake haibadiliki sana hata ukiiweka mahali pa joto zaidi au baridi zaidi. Lakini joto linalopanda na kushuka kila siku ni jambo tofauti. Hilo mmea unalisoma kama ishara ya asubuhi na jioni, hata tofauti ikiwa nyuzi chache. Kwa hiyo tulichokipima siku zile ni hali ya hewa ya Tanga.

Marekebisho yalichukua wiki nzima. Kwanza kasha lilihamishwa kutoka stoo ya bati hadi chumba cha ndani chenye dari, kisicho na dirisha la magharibi. Pili, kibadilishi cha umeme (adapta) cha taa kilitolewa nje: ndicho kilichokuwa kinatoa joto zaidi kuliko taa zenyewe. Tatu, na hili ndilo lililosaidia kuliko yote, tulipanga madumu sita ya maji kuzunguka kasha, kisha tukavifunika vyote pamoja kwa mablanketi mawili. Maji yanapata joto polepole na kulipoteza polepole, kwa hiyo yanameza joto la alasiri na kulirudisha usiku. Tofauti ya mchana na usiku ndani ya kasha ikashuka chini ya nyuzi moja. Gharama ya ziada: kipimajoto 10,000. Madumu na mablanketi tuliazima.

Baada ya hapo kunde zikaanza kuteleza. Kilele cha siku ya tatu, yaani wakati majani yameinuka juu kabisa, hakikulingana tena na kile cha siku ya kwanza. Hapo ndipo tulipojua kwamba tunaitazama saa ya mmea wenyewe.

22 Februari. Maji

Anayetaka kuinyima kunde chuma lazima kwanza ajue maji yake yana nini. Hapa tulipoteza mimea ya majaribio mawili mazima.

Maji ya kisima cha jirani yalikuwa magumu, yenye chokaa na chumvichumvi. Tulipotia chuma, maji yakawa na utando wa rangi ya kutu chini ya chupa baada ya siku mbili. Chuma kilikuwa kimeganda, na chupa zilizoitwa "chuma kamili" zilikuwa na upungufu sawa na zile nyingine. Tukageukia maji ya mvua. Mvua ya ghafla ya Februari ilitujazia ndoo tatu kutoka kwenye paa la bati la shule, nasi tukayaona ni safi. Kunde zikaota, lakini hata zenye chuma zilikuwa na manjano kwenye majani machanga.

Kisa chake ni bati. Bati la paa limepakwa zinki, na maji ya mvua yakipita juu yake huichukua. Zinki ikizidi hushindana na chuma mlangoni mwa mizizi. Na mlango wenyewe una tabia ambayo ni kiini cha mradi huu: mmea wa jamii ya kunde ukihisi upungufu wa chuma, mizizi hutoa asidi, hubadili chuma kiwe katika hali inayoweza kuingia, na hutengeneza kwa wingi protini ya kukipitisha. Kwenye Arabidopsis protini hiyo inaitwa IRT1, nayo haichagui sana. Hupitisha pia manganizi, zinki, kobalti, hata kadimi. Ukipunguza chuma peke yake, umebadilisha pia vingine vyote vinavyoingia. Ndiyo maana siku hizi hatusemi tena "jaribio la chuma" kwenye daftari; tunaandika uwiano wa madini, na kila chupa ina kiasi cha madini yote kimeandikwa ubavuni.

Tulichokaa nacho ni maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Mwenye kuiga asome lebo kwa makini, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana. Lita ishirini zimetugharimu 24,000. Chupa na mipira yote sasa huoshwa kwa siki kabla ya kutumika, kisha kwa maji hayo hayo, ili kutu na mabaki ya chuma yaondoke.

Mchanganyiko wa virutubisho ni ule wa wanasayansi Hoagland na Arnon wa California, nguvu nusu kwa madini makubwa, yaani yale ambayo mmea unayahitaji kwa wingi. Magnesi inatokana na chumvi ya haluli ya duka la dawa. Shaba inatokana na mrututu, na hapa mkono uwe mwepesi: kiwango kizima kinachotakiwa ni miligramu 0.02 za shaba kwa lita. Chembe moja iliyozidi inaharibu kila kitu, kwa hiyo tunayeyusha kidogo kwenye lita nzima ya maji kwanza, kisha tunachota mililita chache kwa bomba la sindano. Manganizi na boroni ni miligramu 0.5 kwa lita kila moja, zinki 0.05. Chuma ni miligramu 2.5 kwa lita kwenye chupa za chuma kamili na sifuri kwenye chupa za upungufu.

16 Machi. Mwanga wa daku

Ramadhani iliingia mwanzoni mwa mwezi, nasi tukawa na zamu mpya: wanafunzi wawili wa bweni walioamka kula daku wangepita kuangalia pampu kabla ya kulala tena. Lilikuwa wazo zuri, na walifanya kwa bidii bila kukosa.

Kwenye picha za wiki ya kwanza kunde zilikuwa zimeacha kuteleza. Zilikuwa zimejifunga tena kwenye saa 24, kila siku wakati ule ule, na joto lilikuwa sawa kabisa. Tulipozipitia picha moja moja tukaiona: kila usiku, karibu na saa kumi, picha moja ilikuwa nyeupe kuliko nyingine. Ni tochi ya simu, wakati blanketi limeinuliwa. Kwenye mwanga hafifu kama wetu, dakika chache za mwanga mkali kwa wakati ule ule kila usiku zinatosha kuirekebisha saa, sawa na jua la asubuhi linavyofanya nje.

Tumeshona pazia la kaniki la tabaka mbili, na pampu sasa inaangaliwa kwa sikio: mapovu yanasikika bila kufungua. Betri inasomwa kwenye kipimo kilichowekwa nje. Kasha halifunguliwi kwa siku sita, kwa sababu yoyote ile. Kaniki, mita tatu, 12,000.

6 Aprili. Mbegu ina akiba yake

Tatizo lililotusumbua tangu mwanzo ni kwamba kunde za "chuma sifuri" zilibaki kijani kwa muda mrefu mno. Zilipoanza kuwa manjano zilikuwa zimeshakuwa kubwa, majani yanagusa kifuniko cha kasha, na hayana nafasi ya kuinama.

Mbegu ya kunde ni kubwa. Ndani ya kotiledoni zake mbili, yale mapande manene ya mbegu, mama ameweka chuma cha kutosha kuanzia maisha, na hicho ndicho kilichokuwa kinalisha majani ya kwanza. Arabidopsis ya watafiti ina mbegu ndogo kama vumbi, akiba yake inaisha upesi, kwa hiyo maandiko yao hayakututahadharisha. Tulijaribu kuziacha zimalize akiba kwenye maji matupu. Zikadhoofika kwa kukosa vyote, jambo ambalo halina maana kwetu. Kilichofaa ni kuziondoa kotiledoni kwa wembe mara tu majani mawili ya kwanza yanapofunguka, kwenye mimea yote, ya chuma na isiyo na chuma, ili kidonda kiwe sawa kwa kila mmoja. Upungufu ukajitokeza kwenye jani la tatu, mmea ukiwa bado mfupi.

Wakati huo huo tulibadilisha namna ya kuhifadhi chuma. Chuma chetu ni cha cheleti ya EDTA, pakiti ndogo kutoka duka la pembejeo, 18,000. Molekuli ya cheleti hukishika chuma kisigande na fosfati. Lakini mwanga, hasa wa bluu, huivunja cheleti hiyo, na chupa ya akiba tuliyoiacha juu ya meza ilikuwa na mashapo ya kahawia chini. Sasa inakaa kabatini, imefungwa foili, na tunatengeneza kidogo kidogo. EDTA pia inafaa pH ikiwa chini ya 6.5 hivi tu. Kwa maji yetu yaliyorekebishwa hadi 6 ni sawa. Kwa shamba la Mwambani haifai, pale inahitajika cheleti ya EDDHA inayovumilia chokaa. Nimeyaeleza haya kwa bibi yule, naye ameacha urea kwanza.

27 Aprili. Programu ilipoteza majani ya manjano

Masika imetusaidia kwa joto na kututesa kwa umeme, lakini betri imefanya kazi yake. Shida ya awamu hii ilikuwa kwenye kompyuta.

Kupima mwendo wa jani ni kufuatilia ncha yake ilivyo juu au chini kwenye kila picha. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliandika programu ya Python inayotafuta rangi ya kijani na kuandika mahali ilipo. Kwa kunde zenye chuma ilitoa mawimbi safi. Kwa zile zisizo na chuma ilitoa fujo: namba zinaruka, kisha zinakatika. Tungeamini namba tu, tungetangaza kwamba upungufu wa chuma unaizima saa kabisa.

Mwanafunzi mwingine, aliyekuwa anazitazama picha zenyewe bila programu, ndiye aliyesema, "Mwalimu, haya ya manjano yanainama kama kawaida, ila mashine haiyaoni." Alikuwa sahihi. Programu iliyofundishwa kufuata kijani huwapoteza wale wale unaotaka kuwapima. Nimewaambia wote waliandike hilo kwa herufi kubwa, kwa kuwa kosa la namna hii halijionyeshi. Linakuja limevaa sura ya matokeo mazuri.

Sasa kila ncha ya jani ina nukta ndogo ya rangi nyeupe ya kufutia wino, 1,500 kwa chupa, na programu inafuata nukta. Tulitia nukta kwenye majani yote bila kubagua na kuangalia kama uzito wake unaliinamisha jani. Kwa jani la tatu la kunde haukuonekana kufanya hivyo. Namba tunazipeleka BioDare2, huduma ya bure ya Chuo Kikuu cha Edinburgh inayokokotoa urefu wa mzunguko. Siku ya kwanza ndani ya kasha tunaitupa kila mara, kwa sababu mmea bado unakumbuka jua la nje.

18 Mei. Jaribio la kwanza kukamilika

Chupa nne za chuma kamili na nne za chuma sifuri, zote zimekatwa kotiledoni siku moja, zote ndani ya kasha kwa siku sita, blanketi halikuguswa. Lebo zilikuwa herufi tu. Aliyepima hakujua ipi ni ipi hadi mwisho.

Kunde zenye chuma zilibaki karibu na saa 24, zikizidi kidogo. Za chuma sifuri ziliachwa nyuma. Siku ya pili tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kubishaniwa. Kufikia siku ya tano, majani ya kijani yalikuwa yameshainuka na ya manjano bado yameinama, na ilionekana kwa macho bila kompyuta. Mmea mmoja kati ya minne haukufuata wenzake. Ulikuwa na manjano hafifu kuliko wengine, na tulipoitazama chupa yake tukakuta foili imechanika na mpira wa hewa umefungwa kwa kipande cha waya chenye kutu, kikining'inia ndani ya maji. Hatukuuondoa kwenye hesabu. Umeandikwa ulivyo, na sababu yake pembeni.

Mimea minane ni michache. Lakini mwelekeo ni ule ule uliopatikana kwenye Arabidopsis, kwa jamii tofauti ya mmea, na kwa kifaa kilichojengwa na vijana wa sekondari kwa mikono yao. Nilifurahi sana siku ile, na nadhani walistahili kufurahi kuliko mimi.

Swali lililoulizwa na kila aliyeona picha ni kama saa inachelewa kwa sababu ya chuma chenyewe au kwa sababu ya manjano. Ni swali zuri. Sehemu kubwa ya chuma cha jani iko kwenye kloroplasti, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, na chuma kinahitajika kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, ingawa hakimo ndani yake. Kilichomo ndani ya klorofili ni magnesi. Kazi za 2013 zilionyesha kwamba kuchelewa kwa saa kunahitaji kloroplasti iliyo hai: ni kama ujumbe kuhusu hali ya kloroplasti unarudi hadi kwenye kiini cha seli, zilipo jeni za saa. Na njia ina pande mbili, kwa kuwa saa nayo hupanga ni wakati gani wa siku jeni za kupokea chuma zifanye kazi.

8 Juni. Kurudisha chuma, na hesabu

Kwenye chupa mbili kati ya zile za sifuri tulirudisha chuma, miligramu 2.5 kwa lita, mimea ikiwa nje ya kasha chini ya jua la kawaida. Majani machanga yalianza kupata kijani ndani ya siku chache, kutoka kwenye mishipa kwenda nje. Jani la zamani la manjano halikupona vizuri, kwa hiyo nukta ilihamia jani jipya. Mimea iliporudishwa kwenye kasha, mawimbi yake yalisogea kuelekea yale ya chuma kamili. Hii inatupa imani kwamba saa haikuharibika. Ilikuwa inakwenda kulingana na hali.

Tulijaribu pia kupaka jani lenyewe chuma kwa brashi, ili tuitenge mizizi na mlango wake usiochagua. Haikufanikiwa. Tulipaka mchanganyiko wenye nguvu mno, jani likaungua madoa ya kahawia, na jani lililoungua halisomeki. Tutarudia kwa robo ya nguvu hiyo, jioni, jua likiwa limeshuka.

Jumla ya fedha hadi leo, pamoja na umeme wa Luku tuliouchangia shule na bando la kupeleka data, imepita kidogo 250,000. Kilichokula zaidi ni betri. Ningeanza upya ningenunua kipimajoto na kaniki kabla ya pampu, na ningejenga kasha refu zaidi kwa sentimita kumi.

Hatua inayofuata ina makundi matatu: chuma sifuri, magnesi sifuri na nitrojeni kidogo. Yote matatu hupauka, lakini kwa njia tofauti. Magnesi na nitrojeni huhama ndani ya mmea, kwa hiyo majani ya chini ndiyo yatakayoanza, ilhali chuma hakihami kirahisi na huanza juu. Tukiona saa inachelewa kwa chuma na haichelewi kwa nitrojeni, tutakuwa tumelitenganisha suala la madini na suala la rangi kwa kiasi fulani. Nukta nyeupe itabidi iwekwe kwenye jani la tatu kwa makundi yote, hata pale jani hilo silo lililopauka zaidi. Mbegu zimelowekwa jana usiku kwenye maji ya kutoneshwa, chupa kumi na mbili zimeoshwa kwa siki, na kasha la pili, refu, limeanza kutobolewa.